Kumtafunia Kindi

Shemeji yangu ni fundi makochi, na kama hujawahi kufanya kazi chumba kimoja na fundi makochi, mshukuru Mungu wako. Misumari yake anaihifadhi mdomoni, kumi kumi, anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi na kuipigilia. Kwa hiyo ukimwuliza jambo anakujibu "mmh," na ukimwuliza tena anakujibu "mmh" ile ile, na ukikasirika yeye hana habari. Mimi ndiye mshonaji. Yeye analivua kochi nguo, mimi nalishonea nyingine, yeye analivisha. Miaka kumi na moja tumekwenda hivyo, ndani ya chumba chenye mlango wa bati na dirisha moja, na katikati yetu kwenye meza ya wateja alikaa dada yangu, mkewe. Dada ndiye aliyekuwa mdomo wa karakana. Aliongea na wateja, aliongea na sisi, na watu wakiisha aliongea na cherehani yangu.

Dada aliugua figo, wiki tatu tu, akafa. Siku mbili kabla hajaondoka aliniita karibu na kitanda, mipira puani, akaniambia, "Mdogo wangu, huyu mtu ukimwacha peke yake hali. Usimwache afe njaa." Nikasema sawa. Ungesema nini wewe? Mtu amelala vile anakuomba, unasema sawa, halafu anafumba macho unabaki na deni lisilolipika.

Na kweli hakula. Siku ya mazishi nilidhani ni uchungu, utapita. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Asubuhi kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari nyingi, jioni kikombe kingine, basi. Mimi naishi chumba cha nyuma ya karakana, jiko langu liko mlangoni, kwa hiyo kila mchana nilipika na kumwekea sahani juu ya meza ya kukatia. Alishukuru vizuri kabisa. Alishika kijiko, akakoroga, akasema, "Nimeshiba, shemeji," sahani ikarudi ilivyokwenda. Suruali zikaanza kumvuka. Akachukua kipande cha ule mkanda wa mpira tunaotandika chini ya makochi, akajifunga kiunoni, akaendelea na kazi. Kazi yenyewe hakuna aliyeweza kuilalamikia, misumari imenyooka, pembe zimekaa. Mtu mwenyewe ndiye hakuwemo.

Hakulia. Watu walisema ana moyo wa jiwe, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema, tena kwa sauti. Mimi pia sikulia, lakini mimi nilikuwa na shughuli: wageni wa kupikia, vyombo vya kuosha, nguo za marehemu za kugawa. Nasema ukweli, hasira ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho. Vingine vyote vilikuwa kama mguu ulioukalia ukafa ganzi. Unaushika, unajua ni wako, lakini hauna habari na wewe.

Miezi miwili baada ya mazishi, Mwalimu Mstaafu akaleta kochi. Lilikuwa la babake, zito kama dhambi, na lilikuwa limekaa stoo miaka minne chini ya dirisha lisilo na kioo. Akasema anataka lirudi kama lilivyokuwa enzi za baba. Wote wanataka hivyo.

Sasa karakana yetu ina sheria moja ambayo Shemeji aliirithi kwa aliyemfundisha: cha ndani kwanza kiende motoni. Kochi la zamani lina kunguni, na kunguni mmoja akihamia kwenye kochi jipya la mteja, jina limekwisha. Kwa hiyo hatuchambui, hatukagui. Unawasha moto kwenye pipa nyuma ya karakana kwanza, ndipo unalipindua kochi, unachana gunia la chini, unakumbatia makumbi na sufi kwa mikono miwili na kutupa motoni kabla mdudu hajapata nafasi ya kushuka. Ndivyo alivyofanya siku ile, kama alivyofanya kwa makochi mia. Kumbatio la kwanza lilipoingia kwenye pipa, tukasikia sauti nyembamba, kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Mimi nilisimama. Yeye alitia mkono kwenye moto mpaka begani, akapapasa, akautoa. Kiganjani mwake palikuwa na kitu kama kidole gumba cha mtu mzima, kina manyoya kama vumbi, macho yamefumba, kinatetemeka. Kitoto cha kindi. Wengine watatu tuliwaona baadaye tulipomwaga majivu.

"Umeungua?" nikamwuliza.

Akautazama mkono wake. Ngozi ilikuwa imeanza kunyanyuka malengelenge kutoka kifundo mpaka kiwiko.

"Sijui," akasema.

Akakitia kile kitoto kwenye mfuko wa shati.

Tulikirudisha kwa Mwalimu mchana ule ule, usije ukadhani hatukujaribu. Tulikiweka ndani ya boksi kwenye lile dirisha la stoo, tukakaa mbali chini ya mti wa mkungu, tukangoja mpaka jua likazama. Mama hakutokea. Mwishowe Mwalimu akajikuna kichwa na kutuambia kwamba jana paka wa jirani alionekana na mkia wa manyoya mdomoni, ila hakutaka kusema mapema asituvunje moyo. Moyo gani, Mwalimu? Shemeji akachukua boksi, tukarudi.

Mwisho wa mtaa wetu kuna duka la dawa za mifugo, na mwenyewe tunamwita Bwana Mifugo, mtu mnene mwenye maneno machache ambaye haogopi kukuambia kuku wako atakufa kesho. Alimwinua kindi kwa vidole viwili, akamgeuza, akasema, "Huyu atakufa."

"Na asipokufa?" Shemeji akauliza.

Nikageuka kumtazama. Tangu Dada afe lilikuwa swali lake la kwanza kwa mtu yeyote.

Bwana Mifugo akashusha pumzi, akatoa bomba la sindano lisilo na sindano, dogo kuliko yote dukani. Maziwa ya mbuzi, siyo ya ng'ombe. Ya vuguvugu. Tone kwa tone, mnyama amekaa wima, maana ukimlaza maziwa yanaingia mapafuni. Kila baada ya saa tatu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, alalie. Na kila baada ya kunywa, umfute huku chini kwa pamba yenye maji, la sivyo hawezi kukojoa, atapasuka.

"Na usiku?"

"Usiku nao. Kwani mama yake angelala?"

Jirani yetu wa ukuta ni kinyozi, na Kinyozi hana breki mdomoni. Alipotuona tunarudi na bomba na pamba akacheka mpaka akaacha kichwa cha mteja nusu. "Kuzaa si kazi, fundi, kazi kulea!" akapiga kelele. "Na wewe hata kuzaa hukuzaa, umechoma tu!"

Kinyozi mwenyewe akashika mdomo.

"Ndiyo," akasema Shemeji, akaingia ndani kupasha maziwa.

Alimlea kama anavyotengeneza kochi. Hakumbembeleza, hakumpa jina, hakutabasamu. Saa ikifika anaweka nyundo chini, ananawa, anamdondoshea tone moja mdomoni, anangoja ameze, tone jingine. Anafuta. Anarudisha boksini. Anaokota nyundo. Jina alipewa na Kinyozi, akamwita Mheshimiwa, kwa kuwa analala, analishwa na kufutwa na kazi hafanyi. Usiku Shemeji aliondoka naye kwenda nyumbani, asubuhi anarudi macho mekundu, kikombe cha chai mkononi. Nilikuwa na walaji wawili karakanani, na wote wawili wanaishi kwa maziwa. Nilimwambia hivyo. "Mmh," akasema.

Wiki mbili na ushei, Mheshimiwa akafumbua macho. Mkia ukajaa, meno mawili ya mbele yakachomoza. Shemeji akamfanyia kizimba cha waya za springi kuukuu, kikakaa karakanani usiku na mchana, maana sasa aliweza kulala bila kulishwa mpaka alfajiri. Bwana Mifugo akasema maziwa yaanze kutiwa maji, kila siku maji zaidi, na mnyama aanze kutafuna: boga, karoti, kiazi cha kuchemsha, punje za mahindi mabichi. Vyote bila chumvi. Maziwa peke yake yangemtosha mtoto, si huyu, mifupa inataka kitu cha kutafuna, na meno yasipopata kazi yanakua hovyo.

Haya. Tukamwekea boga, akalikanyaga. Tukamwekea karoti, akaisukuma kwa mikono miwili kama anayekataa rushwa. Akapanda mkono wa Shemeji, akaingia kwenye shati kutafuta bomba lake. Siku nne hivyo. Tukarudi dukani.

Bwana Mifugo akampima kwenye mizani ya chakula cha kuku, akakunja uso. "Nani anakula mbele yake?"

Tukatazamana.

"Mtoto wa mnyama hujifunza kwenye mdomo wa mama," akasema. "Anaona mama anatafuna, ananusa ule mdomo, anaiba kinachodondoka. Ndivyo anavyojua kuwa hiki ni chakula. Sasa mama ni wewe, fundi. Mbele yake unakula nini?"

Shemeji akainamisha kichwa. "Chai," akasema.

"Basi naye anataka chai."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kicheko chenyewe kilitoka kama kikohozi. Lakini njiani kurudi sikuwa nacheka tena, nilikuwa nahesabu viazi kichwani.

Mchana ule nilichemsha boga, viazi na mahindi, sahani imejaa. Shemeji akakaa kwenye kigoda, akamweka Mheshimiwa gotini, akachukua kipande cha boga, akakiweka mdomoni. Akainamisha uso mpaka karibu na pua ya mnyama, akatafuna. Polepole, mdomo wazi, ulimi unaonekana, adabu zote ameziacha. Akameza. Nilimwona koo likipanda na kushuka. Mnyama akanusa kidevu chake, akageuka. Akachukua kingine. Hakuonyesha kama ni kitamu au kibaya. Angekuwa anatafuna misumari yake, uso ungekuwa ule ule. Lakini sahani ilikwisha, jamani. Nilipeleka sahani ile kwenye karo nikaishika muda mrefu.

"Umekula, shemeji?" aliniuliza siku hiyo, kwa desturi tu, kama mtu anavyouliza habari za asubuhi.

"Nimeonjaonja jikoni, nimeshiba."

"Mmh."

Siku ya pili hivyo, ya tatu hivyo. Mchana na jioni alimtafunia kindi. Wiki ilipofika, mashavu yalianza kurudi mahali pake, na ule mkanda wa mpira kiunoni akaulegeza kidogo. Wateja walimwambia amependeza. Kinyozi akasema huyu Mheshimiwa apewe cheo cha daktari. Mimi nilikuwa nikitazama sahani, kindi sikuwa namtazama kabisa. Usiku nikilala nilimwambia Dada kimoyomoyo: leo viazi vinne, leo vitano.

Siku ya tisa Mheshimiwa akaiba. Punje moja ya mahindi ilikuwa imeganda kwenye mdomo wa chini wa Shemeji, mnyama akainyakua kwa meno, akarudi nyuma, akaishika kwa mikono miwili na kuitafuna. Kinyozi aliyekuwa mlangoni akapiga makofi. Shemeji akamtazama yule mnyama, akasema, "Kesho kutwa atakula mwenyewe." Halafu akaisukuma sahani mbele. Ilikuwa bado nusu.

"Malizia," nikamwambia.

"Nimeshiba, shemeji. Kazi inakaribia kwisha."

Nilielewa pale pale: siku kindi akijua kula, huyu mtu anarudi kwenye chai yake. Si njaa iliyokuwa ikimlisha. Alikuwa anatimiza kazi ya mteja, na mteja akiondoka, mdomo unafungwa.

Sasa sikiliza nilichofanya, na usinihurumie. Mimi ninaamka saa kumi na moja alfajiri, na Shemeji hufika saa mbili. Kesho yake nilipasha maziwa ya mbuzi, mazito, bila tone la maji. Nikamtoa Mheshimiwa kizimbani, nikachukua bomba la sindano, nikamnywesha mpaka tumbo likawa duara. Nikamfuta, nikamrudisha, nikaosha bomba. Saa saba Shemeji alipokaa na sahani, mnyama hakuangalia hata boga. Alilala gotini, ameshiba.

"Hajajua bado," akasema Shemeji, akachukua kipande kingine.

Nikamwongezea kiazi.

Nilifanya hivyo kila alfajiri, wiki mbili. Shemeji alikula kwa bidii kuliko mwanzo, maana sasa alidhani amekosea mahali, labda hatafuni vizuri. Akajaribu karoti mbichi ili isikike inavyovunjika. Akajaribu kukaa sakafuni. Akanenepa. Mnyama naye tumbo likawa kubwa, miguu ikawa myembamba, akaacha kuruka. Niliona. Ningesema sikuona ningekuwa naongeza uwongo juu ya uwongo. Niliona, na sikuhisi kitu chochote. Nilikuwa na ahadi moja tu duniani, na ilikuwa inamezwa kipande kwa kipande mbele ya macho yangu kila mchana. Mnyama wa mtini angefanya nini juu ya hilo?

Asubuhi moja Shemeji akafungua kizimba, na Mheshimiwa akamjia kwa mikono. Miguu ya nyuma ilikuwa inaburuzwa.

Alikimbia. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia, hata siku ile hospitali waliyotuita. Nilimfuata na kanga yangu ikifunguka njiani. Bwana Mifugo akamlaza kindi juu ya kaunta, akambonyeza mguu, akambonyeza tumbo, akanusa mdomo wake.

"Huyu amejaa maziwa," akasema. "Mazito. Nani anampa?"

"Nampa mara moja jioni," akasema Shemeji, "na nusu yake ni maji, kama ulivyoniagiza."

"Bwana, tumbo halisemi uwongo. Mifupa imelainika. Kuanzia leo asione maziwa. Vyakula vya kutafuna, na maganda ya mayai yaliyosagwa uyanyunyize juu ya vyakula hivyo. Akila, anaweza kusimama. Asipokula, siku tatu, nne."

Shemeji akageuza shingo akanitazama. Fundi makochi akitazama kitu anaona palipofumuliwa na kushonwa upya, huwezi kumficha mshono.

"Ni mimi," nikasema.

Tukarudi karakanani. Alifunga mlango wa bati, ambao mchana haufungwi kamwe. Akaweka boksi mezani. Halafu yule mtu wa "mmh" akafungua mdomo wake.

"Watatu niliwachoma, sikujua!" akapiga kelele, mpaka mkasi uliotundikwa ukutani ukalia. "Sikujua, shemeji! Huyu wa nne wewe ulijua! Kila asubuhi ulijua! Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unakula!" Nami sauti yangu ilikuwa juu. "Ulikuwa unakula, mwanamume wewe! Dada alinikabidhi wewe, hakunikabidhi panya wa mtini! Nikamwambie nini? Nimwambie alikufa kwa chai?"

"Usimtaje."

"Nitamtaja! Ni dada yangu kabla hajawa mke wako! Wewe hata chozi hukumtolea!"

Akainua mkono wenye kovu la moto, nikadhani atanipiga. Akauweka juu ya macho yake. Mabega yakaanza kutikisika, na sauti iliyomtoka ilikuwa mbaya, ya mtu asiyejua kulia. Akaketi sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa. Upande wa pili wa ukuta mashine ya Kinyozi ilinyamaza. Nilisimama pale nikimtazama, nikijua kwamba mtu mwingine mahali pangu angeenda kumshika bega. Nilikwenda nyuma nikaweka maji ya viazi motoni.

Siku mbili hatukusemezana. Alimnyima mnyama maziwa, na mnyama akalia ile sauti ya bawaba kutwa nzima. Shemeji alikaa naye chini, akatafuna, akangoja, akatafuna. Mimi nilishona. Siku ya tatu, mchana, niliacha kusikia kilio, nikageuka. Mheshimiwa alikuwa amejikokota mpaka kwenye sahani, ameshika kipande cha kiazi chenye unga wa maganda ya mayai, anakula. Akamaliza. Akachukua karoti. Hakumtazama Shemeji wala mdomo wake.

Wiki ile yote alikula mwenyewe. Miguu haikupona mara moja, lakini siku ya sita aliweza kujisimamisha, siku ya nane akapanda nusu ya kizimba, akaanguka, akapanda tena. Bwana Mifugo alikuja kumwona, akasema kwa uso wa mtu aliyepoteza dau kwamba huyu sasa hafi, na baada ya mwezi apelekwe kwenye mkungu wa Mwalimu.

Nami nikangoja chai. Kila mchana niliweka sahani ya Shemeji mezani nikajifanya napanga nyuzi, nikingoja kusikia "nimeshiba." Kazi ilikuwa imekwisha, mteja amejua kula. Lakini alikula. Siku ya kwanza nikasema ni bahati, ya pili nikasema ananionea aibu. Siku ya nane hiyo alimaliza viazi vyote, akafuta sahani kwa kidole.

"Unakula," nikamwambia. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake yasiyokuwa ya kazi.

"Tangu siku ile niliyokupigia kelele nasikia njaa," akasema. "Sijui kwa nini. Asubuhi naamka nayo."

Nikasema vizuri. Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo miezi minne, nikajua kwamba nimetimiza nilichoahidi, nikaangalia ndani yangu kama pana kitu, hapakuwa na kitu. Nikainuka kuchukua sahani nikaoshe.

"Kaa," akasema.

Akaenda yeye mwenyewe nyuma, kwenye jiko langu. Nikasikia kifuniko cha sufuria. Akarudi na sahani nyingine, viazi vitatu juu yake, akaiweka mbele yangu juu ya meza ya kukatia.

"Kula."

"Nimeonjaonja jikoni."

"Jikoni kwako nimetoka sasa hivi, shemeji. Sahani inayooshwa pale ni yangu tu. Hii yako nimeikuta na vumbi."

"Mambo ya jikoni yanakuhusu nini wewe?"

"Na hilo gauni," akasema, bila kupandisha sauti, kama anayemwonyesha mteja palipooza. "Umelipunguza kwapani mara tatu tangu dada yako afe. Mara ya kwanza kwa uzi wa bluu, halafu mweusi mara mbili. Mimi ni fundi. Nilikuwa nauona mshono kila siku, ila nilikuwa sitazami."

Nikajishika ubavuni. Vidole vyangu vikapita juu ya mbavu, moja, ya pili, ya tatu. Nyani haoni kundule, ndivyo wanavyosema, na mimi nilikuwa nimehesabu viazi vya mwanamume yule mmoja mmoja tangu mazishi. Vyangu vilikuwa wapi? Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho niliyokaa mbele ya sahani yangu. Nilikumbuka kuonja chumvi kwenye ncha ya mwiko. Nilikumbuka maji.

"Sina njaa," nikasema, na ilikuwa kweli.

Hakubishana. Akavuta kigoda chake mpaka magoti yetu yakakaribiana. Akachukua kiazi kutoka kwenye sahani yangu, akamega, akatia mdomoni. Akaniinamia mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, akatafuna. Polepole, mdomo wazi, ulimi unaonekana, macho hayaondoki kwangu. Akameza. Akamega kipande kingine, akakishika mbele ya mdomo wangu, akangoja.

Nilitaka kumtukana. Tusi lilikuwa tayari, tena la nguoni, na nilipofungua mdomo kulitoa, kiazi kikaingia.

Nikatafuna. Kilikuwa kimepoa, na chumvi hakikuwa nayo. Nikameza, na koo likauma kama lango lililokaa bila kufunguliwa, na machozi yakaanza kunishuka bila kuniomba ruhusa. Akamega kingine, nikakipokea. Cha tatu nilikinyakua mwenyewe. Nilimwita dada yangu kwa jina lake huku mdomo umejaa, na Shemeji akaitikia, "Ndiyo, ndiyo," akaendelea kumega, kwa sababu nilikuwa na njaa, jamani. Nilikuwa na njaa ya miezi minne.